Picha ya nafsi kwa herufi

Picha ya nafsi kwa herufi ni picha ambayo mtu anajichora mwenyewe kwa kutumia herufi, maneno au sentensi badala ya mistari ya kalamu na rangi ya brashi. Akiitazama kwa mbali mtazamaji huona uso; akiisogelea huona maandishi. Picha ya namna hii ikitengenezwa kwa kompyuta au simu na kubadilika pale mtazamaji anapoigusa, anapoandika neno au anapojisogeza mbele ya kamera, huitwa picha ya nafsi shirikishi. Majina mengine yanayotumika ni taswira nafsi ya maandishi na picha binafsi ya herufi.

Kazi hii hufundishwa katika vyuo vya usanifu wa michoro na vya kompyuta kwa sababu inaunganisha mambo matatu ambayo kwa kawaida hufundishwa mbalimbali: umbo la herufi, hesabu ya mwangaza na uandishi wa programu. Haihitaji vifaa vya gharama. Kompyuta moja ya kawaida, kivinjari na kihariri cha matini vinatosha, na kazi iliyokamilika inaweza kubebwa kwenye flashi na kufunguliwa mahali pasipo na intaneti.

## Historia

Kuchora umbo kwa maneno ni jambo la zamani. Washairi wa Kigiriki wa kale, akiwemo Simmias wa Rhodes, walipanga mistari ya mashairi yao ikapata umbo la yai, shoka au mabawa. Waandishi wa Kiyahudi wa Zama za Kati walichora wanyama na mapambo kwa mistari ya maandishi madogo sana, na wanahati wa Kiislamu walifinyanga maneno ya dua yakawa simba au ndege. Mnamo 1918 Guillaume Apollinaire alichapa nchini Ufaransa kitabu chake Calligrammes, ambacho jina lake limekuwa jina la mashairi yote yenye umbo la kitu.

Upande wa picha za nafsi, maandishi yaliingia mapema kama nyongeza. Albrecht Dürer wa Ujerumani alipojichora mwaka 1500 aliandika kandokando ya kichwa chake, kwa Kilatini, jina lake na umri wake wa miaka 28, pamoja na alama ya herufi A na D. Hapo maneno yanaeleza uso, ila bado hayajawa uso wenyewe.

Mashine ya taipu ndiyo iliyoleta mabadiliko. Kila herufi ya taipu inachukua nafasi yenye upana uleule, kwa hiyo karatasi nzima inakuwa kama daftari la hesabu lenye vijisanduku. Mwaka 1898 Flora Stacey wa Uingereza alichora kipepeo kwa taipu, na hiyo ni miongoni mwa picha za zamani zaidi za aina hiyo zinazojulikana. Baadaye Leon Harmon na Ken Knowlton, wahandisi wa maabara za Bell nchini Marekani, walitumia kompyuta kugeuza picha ya mwanamke aliyelala kuwa maelfu ya alama ndogondogo. Gazeti la New York Times liliichapa Oktoba 1967, na tangu hapo watu wengi wakafahamu kwamba kompyuta inaweza kuchora kwa alama za chapa.

Hatua ya kumshirikisha mtazamaji ilionekana vizuri mwaka 1999 katika kazi ya Camille Utterback na Romy Achituv iitwayo Text Rain. Mtazamaji anasimama mbele ya kamera na kujiona ukutani. Herufi zinanyesha kutoka juu kama mvua na kutua juu ya mikono, mabega au mwavuli wake. Akiinua mkono, herufi zinainuka nao. Mwaka 2001 Casey Reas na Ben Fry walianzisha Processing, programu ya kuwasaidia wasanii kuandika msimbo, na mwaka 2013 Lauren McCarthy alianzisha p5.js, ambayo inafanya kazi hiyohiyo ndani ya kivinjari. Zote mbili hutolewa bure.

## Afrika ya Mashariki na mwambao wa Ziwa Nyasa

Wasomaji wa Kiswahili wana mfano wa karibu kuliko yote iliyotajwa hapo juu, nao ni kanga. Kanga ina pindo, mji na jina, yaani maneno yaliyochapwa chini ya mji. Mvaaji hakuyatunga maneno hayo, lakini ameyachagua, na akijifunga anayafanya kuwa kauli yake mwenyewe mbele ya jirani, wifi au mke mwenza. Kwa maana hiyo kanga ni maandishi yanayomtambulisha mtu na kungoja jibu. Majina ya kwanza yalichapwa kwa herufi za Kiarabu, kisha herufi za Kilatini zikachukua nafasi.

Katika Mkoa wa Ruvuma, maandishi ya chapa yalifika kwa njia ya misheni. Wabenedikto walianza kazi Peramiho mwaka 1898, na kiwanda chao cha uchapaji kimetoa vitabu vingi vya Kiswahili. Upande wa ziwa, misheni ya Kianglikana ya UMCA ilikuwa na kiwanda chake katika kisiwa cha Likoma. Mmisionari wake William Percival Johnson, aliyetafsiri Biblia kwa Kinyanja, alifariki Liuli mwaka 1928. Katika viwanda vya namna hiyo mpangaji alichukua herufi za risasi mojamoja na kuzipanga kinyumenyume, kwa kuwa karatasi hugeuza upande. Alisoma maandishi kama mtu anavyojiona kwenye kioo. Tatizo hilohilo limerudi katika picha shirikishi za leo, kama itakavyoonekana chini.

Liuli yenyewe iliitwa na Wajerumani Sphinxhafen, yaani bandari ya Sfinksi, kwa sababu ya mwamba uliopo ufukweni ambao machoni pao ulifanana na sanamu ile ya Misri. Mwamba haukuchongwa na mtu. Jicho la binadamu ndilo linalotafuta uso kila mahali, hata kwenye mawe, na picha ya herufi inategemea tabia hiyo: alama chache zikikaa mahali pa macho, pua na mdomo, ubongo unamalizia zilizobaki.

Msanii mashuhuri zaidi wa mkoa huo, Edward Saidi Tingatinga (1932–1972), mzaliwa wa Wilaya ya Tunduru, hakuchora kwa herufi. Hata hivyo saini yake iliyoandikwa wazi juu ya picha za wanyama na ndege imekuwa jina la mtindo mzima wa uchoraji.

## Kugawa uso katika vijisanduku

Anayetoka Mbinga anaweza kuuelewa msingi wa kazi hii akikumbuka ngolo, kilimo cha mashimo cha Wamatengo. Majani hukatwa na kulazwa kwa mistari inayokatana, udongo huchimbwa katikati na kufunika majani, na mlima unabaki umejaa mashimo yenye upana wa mita 1 hadi 2, kila moja limezungukwa na matuta. Anayesimama shambani anaona shimo na tuta. Anayetazama kutoka mlima wa pili anaona wavu, wenye sehemu nyeusi na nyeupe kufuatana na kivuli cha jua. Picha ya herufi nayo ni wavu: kila kijisanduku kina herufi moja, na wingi wa wino ndani yake ndio kivuli.

Kazi huanza na picha ya kawaida ya uso. Programu huigawa kwa vijisanduku na kupima mwangaza wa kila kimoja. Kila pikseli ina tarakimu tatu, za nyekundu, kijani na buluu, kuanzia 0 hadi 255. Jicho letu linaiona kijani kwa nguvu kuliko buluu, kwa hiyo hazijumlishwi sawasawa: nyekundu huzidishwa kwa 0.299, kijani kwa 0.587 na buluu kwa 0.114. Pikseli yenye nyekundu 150, kijani 100 na buluu 70 ina mwangaza wa 112 hivi.

Kisha mwangaza hubadilishwa kuwa herufi. Kwenye karatasi nyeupe, mahali penye giza hupewa alama yenye wino mwingi kama M, W au @, na mahali penye mwanga hupewa nukta au nafasi tupu. Kwenye skrini nyeusi yenye maandishi meupe mpangilio hugeuzwa, maana hapo herufi nzito ndiyo inayong'aa. Wanafunzi wengi hulisahau hili wakapata picha kama ile ya negativu ya filamu.

Umbo la herufi pia lazima lihesabiwe. Katika fonti yenye upana sawa, upana wa herufi ni takriban sehemu 0.6 ya kimo chake. Vijisanduku vikiwa mraba, uso hurefuka kama ulioonekana kwenye kijiko. Tuseme picha ina upana wa pikseli 400 na kimo cha 500, na mtengenezaji anataka herufi 80 kwa mstari. Kila kijisanduku kitakuwa na upana wa pikseli 5 na kimo cha 8.3, na mistari itakuwa 60. Jumla ni herufi 4,800. Kwa herufi za kawaida za Kilatini, faili lake la matini halizidi sana kilobaiti 5, wakati picha moja ya simu huchukua megabaiti kadhaa.

Njia ya pili ni kuacha maandishi yaende kama yalivyo, yasomeke mfululizo, na kubadilisha unene au rangi ya kila herufi kufuatana na mwangaza: herufi koza gizani, nyembamba mwangani. Njia hii ni ngumu kidogo lakini ndiyo inayostahili kuitwa picha ya nafsi, kwa kuwa maneno yana maana na si mapambo tu. Kwa hesabu ya hapo juu, neno la herufi 6 na nafasi yake linachukua vijisanduku 7, hivyo uso mzima una maneno yapatayo 685. Huo ni wasifu wa kurasa mbili. Ipo njia ya tatu, ya kupindisha mistari ya maandishi ifuate taya, nyusi na nywele. Hupendeza, ila huhitaji mkono wa mchoraji zaidi kuliko programu.

## Ngozi nyeusi na mwangaza

Miongozo mingi inayosambazwa imeandikwa na watu waliojaribu kwa nyuso nyeupe zilizopigwa picha kwenye mwanga mwingi. Mwanafunzi wa Tanzania akiifuata neno kwa neno hupata doa jeusi lenye meno. Tatizo hili halikuanza na kompyuta: kwa miaka mingi kampuni ya Kodak ilitoa kwa maabara za picha kadi za kupimia rangi zenye mwanamke mweupe, zikiitwa kadi za Shirley, na rangi za filamu zililinganishwa na ngozi yake.

Sababu na dawa yake ni za hesabu. Tuseme mwangaza wa uso mweusi uliopigwa picha ndani ya nyumba uko kati ya 30 na 120. Kama mtengenezaji ana alama 10 zilizogawiwa sawa kuanzia 0 hadi 255, uso wote utatumia alama 4 tu kati ya hizo, na pua itapotelea shavuni. Inabidi kwanza kutafuta mwangaza mdogo na mkubwa kabisa ndani ya uso, kisha kuunyoosha: toa 30 kwa kila kipimo, gawanya kwa 90, zidisha kwa 255. Kipimo cha 75 kinakuwa 127 au 128, katikati kabisa, na alama zote 10 zinapata kazi. Ni vema mandhari ya nyuma yaondolewe kabla ya kupima, kwa kuwa ukuta mweupe au dirisha huharibu hesabu. Kupiga picha kivulini mchana, uso ukielekea uwanjani, husaidia kuliko taa ya ndani.

Kwa picha zinazotumia kamera moja kwa moja kuna tahadhari ya ziada. Utafiti wa Joy Buolamwini na Timnit Gebru uliochapishwa mwaka 2018 ulipima programu tatu zilizokuwa zikiuzwa za kutambua jinsia kutoka kwenye uso. Kwa wanaume weupe kosa lilikuwa chini ya asilimia 1. Kwa wanawake weusi lilifika asilimia 34.7. Programu inayosubiri kuona uso kabla ya kufanya kazi ijaribiwe na watu wa rangi mbalimbali.

## Mwitikio

Mwitikio ulio rahisi zaidi ni wa umbali. Programu hupima umbali kati ya kishale na kila herufi. Ukiwa mdogo kuliko kiasi kilichowekwa, herufi husukumwa mbali, na kishale kikiondoka hurudi mahali pake polepole kama iliyofungwa kwa kamba ya mpira. Uso unatawanyika na kujikusanya. Mwitikio mwingine hufungua maneno: ukigusa paji la uso maandishi yanakuwa makubwa na kusomeka, ukigusa mdomo unasikia sauti.

Watu wengi nchini Tanzania huingia kwenye intaneti kwa simu, na simu haina kishale. Kazi inayotegemea kishale kupita juu ya herufi bila kubofya haitaonyesha chochote kwa watazamaji hao. Kidole kifikiriwe kwanza, na kiasi cha umbali kiongezwe, maana kidole kinafunika herufi nyingi.

Kamera ya mbele huonyesha picha kama kioo, ili mtu akiinua mkono wa kulia auone upande wa kulia. Mtengenezaji akigeuza turubai nzima kwa ajili hiyo, herufi nazo zinageuka na hazisomeki. Inatakiwa kugeuza vipimo vya mwangaza tu na kuziacha herufi zikiwa wima, kazi ambayo wapangaji wa chapa waliifanya kichwani.

Mwitikio uwe na sababu. Herufi zinazorukaruka bila maana huchosha baada ya dakika moja. Mfano wa mwitikio wenye maana ni wa mtu aliyekulia Mbamba Bay ambaye maandishi ya uso wake yanaanza kwa Kiswahili sanifu cha shuleni, na yakiguswa yanageuka kuwa lugha ya nyumbani.

## Kuchagua maneno

Maneno ndiyo yanayotofautisha picha ya nafsi na picha ya pasipoti. Majina ya sifa kama "mchapakazi" na "mcha Mungu" yanamfaa kila mtu, kwa hiyo hayamchori yeyote. Majina ya vitu na mahali yana nguvu zaidi: njia ya kwenda shule, mazao, vyombo, majina ya samaki. Mtu wa ufukweni ana usipa, mbasa na mbufu, ana Lituhi na Liuli. Mtu wa milimani ana kahawa, maharage na ngolo, ana Litembo na Maguu. Orodha za namna hiyo zikikaa usoni, msomaji wa mbali hujifunza jambo, na msomaji wa nyumbani huhakiki kama ni kweli.

Kiswahili kina shida moja ya kiufundi: ng'. Katika neno kama ng'ombe, kistari cha juu ni sehemu ya sauti, si alama ya kufunga nukuu. Programu nyingi hazijui hivyo. Zinapokata maneno huona "ng" na "ombe" kama maneno mawili, na mwisho wa mstari huweza kuyatenganisha. Zaidi ya hayo, Unicode ina alama tatu zinazofanana kwa macho, yaani kistari kilichonyooka, kile kilichopinda cha nukuu, na kile kinachohesabiwa kuwa herufi. Wa tatu ndio unaofaa kwa ng' kwa sababu programu hauchukulii kuwa mwisho wa neno, lakini si kila fonti inao. Vivyo hivyo ŵ ya Kichewa upande wa Malawi hukosekana katika fonti nyingi za mapambo, na mahali pake hutokea kijisanduku kitupu. Fonti ijaribiwe kwa jina kamili la mtu, ukoo wake na kijiji chake kabla ya kuchaguliwa.

Anayetaka kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu akumbuke kwamba herufi hizo hushikana na kubadilika umbo kufuatana na mahali zilipo katika neno. Kuziweka mojamoja kwenye vijisanduku huzivunja. Hapo njia ya mistari iliyopindwa ndiyo inayofaa.

Msomaji asiyeona hutumia kisoma-skrini, ambacho kikikutana na herufi 4,800 zilizotawanyika hutamka moja baada ya nyingine. Picha ifichwe kwake, na maandishi kamili yawekwe pembeni kwa mpangilio wa kawaida.

## Faragha

Kwa kuwa herufi ni ndogo, wengi huziona kama kivuli tu na kuandika humo mambo ambayo wasingeyaweka hadharani: namba ya simu, namba ya kitambulisho cha taifa, jina la ugonjwa, ugomvi wa familia. Lakini picha ya herufi iliyowekwa kwenye intaneti kama matini ni tofauti na picha ya kamera. Kila neno lake linaweza kunakiliwa, kutafutwa na kuhifadhiwa na mitambo ya utafutaji, hata kama kwa jicho halisomeki.

Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na husimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mtu akijichora mwenyewe anatoa taarifa zake kwa hiari. Hali inabadilika pale anapotaja wazazi, ndugu au wanafunzi wenzake kwa majina, na pale kazi inapotumia kamera ya mtazamaji. Kazi ya kamera inaweza kuandikwa ili vipimo vya mwangaza vikokotolewe ndani ya kivinjari chenyewe na kufutwa papo hapo, bila picha yoyote kutumwa kwingine, na mtazamaji aelezwe hivyo kabla hajabofya kuruhusu kamera. Kwa wanafunzi walio chini ya miaka 18, idhini iombwe kwa mzazi au mlezi, na jina la ukoo linaweza kuachwa au kubadilishwa katika nakala inayotolewa nje ya shule.